Utando kwenye mpira wa mkojo: je, bakteria wa baharini wana dawa?

SWALI: "Baba yangu ana miaka 74 na ana mpira wa mkojo mwezi wa nane sasa, kwa sababu kibofu chake hakisukumi tena. Ameshapata maambukizi mara nne. Kila mara anapewa antibayotiki, homa inashuka, tunashukuru, kisha baada ya wiki tatu au nne tunarudi palepale. Muuguzi mmoja alituambia bakteria wamejenga utando ndani ya mpira, ndiyo maana dawa haziwamalizi. Nikaanza kusoma, nikakutana na habari kwamba bakteria wanaoishi kwenye sifongo na mwani wa baharini hutoa kemikali zinazozuia utando huo. Kuna mtu anauza unga wa mwani na matone ya dondoo ya sifongo, anasema ni kitu hichohicho. Nimpe baba anywe? Au nisafishe mpira kwa maji ya bahari yaliyochemshwa, maana chumvi huua vijidudu? Na kama kemikali hizi zipo kweli, kwa nini hospitalini hawana?"

JIBU: Pole sana kwa kumuuguza mzee. Miezi minane ya kumwaga mfuko wa mkojo huku ukiisubiri homa nyingine si midogo. Niseme mapema kwamba mimi kazi yangu ni ya maabara: nachunguza jinsi bakteria wanavyoshikamana na vitu. Tiba ya baba inabaki kwa daktari anayemwona. Lakini mengi uliyouliza yanaangukia upande wangu hasa.

Kwa kifupi: ulichosoma kuhusu bakteria wa baharini ni kweli, na muuguzi alikwambia kweli. Anachouza huyo mtu ni kitu kingine kabisa. Maji ya bahari usiyatie kwenye mpira wa baba, yawe yamechemshwa au la.

Tuanze na utando wenyewe, maana ukiuelewa huo mengine yatajipanga. Asubuhi kabla hujapiga mswaki, pitisha ulimi kwenye meno. Ule ukoga unaouhisi ni utando wa bakteria. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, aliyejitengenezea hadubini zake mwenyewe, aliukwangua kwenye meno yake mwaka 1683 akaona humo vijidudu hai vikichezacheza. Utelezi wa jiwe la mtoni na ute ulio ndani ya bomba la sinki ni mambo hayohayo. Bakteria anayeelea peke yake hugusa ukuta, akajishika kidogo, na kwa muda bado anaweza kuachia na kwenda zake. Asipoachia, huanza kutoa ute: mchanganyiko wa sukari za minyororo mirefu, protini na DNA. Ute huo humgandisha pale, ukawanasa na wengine wanaopita. Baada ya siku kadhaa panakuwa na mtaa mzima, wenye hata vijifereji vya kupitisha maji na chakula. Mara kwa mara kipande humeguka kikaelea kwenda kuanzisha mtaa mwingine mbele.

Mpira wa mkojo ni kiwanja kizuri mno kwa ujenzi huo. Una joto la mwili, una unyevu saa zote, mkojo unaleta chakula, na ukuta wake hauna uhai, kwa hiyo hauna damu wala kinga ya kujitetea. Kila siku ambayo mpira uko ndani, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo ni kama asilimia 3 hadi 7. Ukitimiza mwezi, karibu kila mgonjwa anao. Kwa hiyo msijilaumu kwamba labda hamkunawa vizuri. Halafu kuna bakteria mmoja msumbufu kuliko wenzake, Proteus mirabilis. Yeye huvunja urea, mkojo ukapoteza uasidi wake, madini yaliyoyeyuka yakaganda kama ukoko ndani ya mpira hadi kuuziba kabisa.

Watu wengi wakisikia dawa haikumaliza, hudhani bakteria wamekuwa sugu. Wakati mwingine ndivyo, na ndiyo sababu mkojo hupelekwa maabara kuoteshwa. Lakini hata bakteria asiye na usugu wowote, akiwa ndani ya utando, anaweza kustahimili dawa kwa kiwango cha mara 100 hadi 1,000 ya kile ambacho kingemuua akiwa anaelea. Ute hunasa baadhi ya dawa njiani. Jambo kubwa zaidi ni kwamba waliokaa chini hukosa oksijeni na chakula, wakapunguza kasi ya kuishi, na wengine wakalala kabisa. Penisilini, kwa mfano, huvuruga ujenzi wa ukuta wa seli, na asiyejenga hana cha kuvurugiwa. Joseph Bigger alilieleza jambo hili mwaka 1944, penisilini ikiwa bado ngeni: wachache walibaki hai ndani ya dawa, lakini alipowaotesha upya, uzao wao ulikufa kwa penisilini ileile. Hawakuwa sugu, walikuwa wamelala tu. Sasa angalia ratiba ya homa za baba yako. Dawa inaua wanaoelea, wale wanaoleta homa, na anapata nafuu. Walioko kwenye ukuta wa mpira wanaamka baadaye.

Haya, twende baharini.

Kiumbe cha baharini kisichotembea kina shida ileile ya mpira wa baba yako. Zamisha kipande cha kioo baharini: ndani ya saa chache kimepata bakteria, kisha hufuata mbegu za mwani, kisha viluwiluwi vya wanyama wenye magamba. Mwani ukifunikwa hivyo haupati mwanga. Sifongo, ambaye ni mnyama, huishi kwa kuchuja maji kupitia vitundu vyake, na vikiziba amekufa. Hawa hawana mikono ya kujikwangua. Wengi wao wamekuja kuishi kwa kutegemeana na bakteria fulani fulani ambao, katika kulinda nafasi yao wenyewe, hutoa kemikali za kuwazuia wageni wengine. Kuna sifongo ambao bakteria wanaochukua makazi ndani yao hufika theluthi moja ya ujazo wa mwili mzima. Ukimkata, hujui vizuri unakata mnyama au mji.

Mfano ninaoupenda ni Pseudoalteromonas tunicata, bakteria wa rangi ya kijani iliyokolea. Alitolewa juu ya ngozi ya Ciona intestinalis, mnyama wa baharini mwenye umbo la mfuko, katika pwani ya magharibi ya Sweden, na Carola Holmström na wenzake wakamtangaza rasmi kuwa spishi mpya mwaka 1998. Baadaye akakutwa pia kwenye mwani wa kijani wa jamii ya Ulva. Huyu ana ghala la silaha: kuna inayozuia mbegu za mwani zisiote, kuna ya viluwiluwi, kuna ya kuvu, na kuna ya bakteria wenzake. Hiyo ya bakteria ni protini iitwayo AlpP, nayo ni kimeng'enya kinachochukua laisini, moja ya amino asidi, na kutoa haidrojeni peroksaidi. Ndiyo, ni ileile ya kuoshea vidonda. Kinachoshangaza ni kwamba humwua hata yeye mwenyewe: katikati ya utando wake baadhi ya seli hufa, na zile zinazosalia hutoka zikitawanyika kutafuta makao mapya. Nilipoona picha za utando uliotobolewa katikati namna hiyo kwa mara ya kwanza nilidhani aliyefanya jaribio ameharibu kitu.

Lakini kuua ni njia moja tu, na kwa maoni yangu si yenye kuvutia zaidi. Kuna nyingine ya kuwakatia mawasiliano. Bakteria wengi hawaanzi mambo mazito, kama kutoa sumu au kukamilisha utando, mpaka wajue wako wengi wa kutosha. Kila mmoja hutoa molekuli ndogo ya ishara; zikijaa, wote hubadilika kwa pamoja. Ni kama kikao kinachosubiri akidi itimie. Jambo hili nalo lilifunuliwa na bakteria wa baharini, wale wanaojulikana kama Vibrio fischeri, ambao huishi ndani ya ngisi mdogo wa Hawaii, Euprymna scolopes, na kumtolea mwanga usiku. Mwaka 1970 Kenneth Nealson, Terry Platt na J. Woodland Hastings walionyesha kwamba bakteria hao, wakiwa wachache kwenye chupa, hawawaki, huwaka wakishajaa. Kisha katika miaka ya 1990 watafiti wa Australia waligundua kwamba mwani mwekundu Delisea pulchra hubaki msafi kwa sababu ya misombo iitwayo furanoni, ambayo inafanana na ishara hizo za bakteria na kuzivuruga. Akidi haitimii, au tuseme inatimia lakini hakuna anayepata habari. Hapa mtengenezaji ni mwani wenyewe, lakini ndio uliowafanya watu waanze kuwatafuta bakteria wanaofanya kazi kama hiyo.

Njia ya tatu ni kubomoa saruji. Nilisema ndani ya ute kuna DNA. Zamani tuliiona kama takataka za seli zilizokufa, mpaka mwaka 2002 ilipoonyeshwa kwamba utando mchanga wa bakteria Pseudomonas aeruginosa huyeyuka ukiikata DNA hiyo. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walieleza kimeng'enya kinachoitwa NucB, kutoka kwa bakteria Bacillus licheniformis aliyekuwa akiishi juu ya mwani. Kazi yake ni hiyohiyo, kukata DNA ya ute, na utando wa bakteria wa aina mbalimbali hulegea na kuachia. Bakteria hawafi. Wanabaki bila nyumba, na huko nje antibayotiki na kinga ya mwili zinawapata.

Niongeze sifongo wa jamii ya Agelas, maana pengine ndiye muuzaji wako alimsikia mahali. Misombo yake, oroidini na bromoageliferini, ilimpa Christian Melander na kundi lake huko Marekani mfano wa kuunda molekuli nyingi ndogo maabara, zenye pete ya kikemikali iitwayo aminoimidazoli. Baadhi huzuia utando usijengwe, na baadhi huulegeza uliokwisha kujengwa, kwa kiwango kisichowaua bakteria. Nisisitize neno "mfano". Hakuna sifongo anayekamuliwa. Waliotazama umbo la molekuli ya asili walijenga zao kutoka mwanzo, wakabadilisha sehemu moja moja na kupima upya.

Umeuliza kwa nini hospitalini hawana. Sababu ni kadhaa na hazina uzito sawa.

Kiasi ni tatizo la kwanza. Misombo hii hupatikana kidogo mno, na bakteria wengi wanaoishi ndani ya wenyeji wao hukataa kuota kwenye sahani ya maabara. Tatizo hili linashindika: trabektedini, dawa ya saratani iliyotoka kwa mnyama wa baharini Ecteinascidia turbinata, ambaye bakteria wa ndani yake ndiye mtengenezaji halisi, leo hutengenezwa kiwandani bila kumgusa mnyama. Sumu ni tatizo kubwa zaidi. Furanoni za Delisea zilizotia watu hamasa ziliishia kuonekana kali mno kwa seli za binadamu. Usiseme "ni ya asili, haina madhara". Kiumbe kilichotengeneza kemikali hiyo kiliitengeneza ili kumdhuru mwingine.

Kisha kuna jambo ambalo habari za kusisimua hazilitaji. Utando ukiubomoa kwa ghafla ndani ya mgonjwa, unaachia bakteria wengi kwa mkupuo. Katika majaribio ya panya wenye vidonda, vimeng'enya vya kuvunja ute vilipotumika peke yake, bakteria waliingia kwenye damu na baadhi ya panya wakafa. Vilipoambatana na antibayotiki, hali ilikuwa tofauti. Kwa hiyo dawa ya kuvunja utando si ya kujaribia nyumbani hata ungeipata iliyo safi kabisa. Pia nimesikia mara nyingi kwamba kemikali isiyoua haiwezi kuzaa usugu. Inapunguza msukumo, nakubali, lakini Pseudomonas walishaonyesha maabara kwamba wanaweza kuitema furanoni nje kwa pampu zao.

La mwisho ni umbali kati ya sahani ya maabara na kibofu. Kwenye sahani tunaweka bakteria wa aina moja, kwenye maji safi yenye chakula chao, kwa siku moja au mbili. Ndani ya baba yako kuna mkojo, madini, protini za mwili, bakteria wa aina kadhaa kwa pamoja, na kazi inatakiwa idumu wiki nyingi. Mipira iliyopakwa fedha iliahidi mengi kwenye sahani. Uingereza waliijaribu kwa zaidi ya wagonjwa 7,000 katika hospitali 24, wote wa mpira wa muda mfupi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yakaonyesha kwamba haikupunguza maambukizi yenye dalili. Ndiyo maana mimi huwa mgumu kufurahia makala yanayoishia kwenye sahani. Kama utafiti wa bahari utawafaa watu kama baba yako, nadhani utakuja kama tabaka lililofungwa kwenye mpira tangu kiwandani, linalowahi bakteria kabla hawajashika. Kidonge au matone ya kunywa siyaoni.

Kuhusu maji ya bahari, fikra kwamba chumvi huua vijidudu ina ukweli kwenye samaki mkavu, siyo hapa. Bakteria wote niliowataja wa baharini wanaishi humo kwa raha. Kuchemsha kunaua waliomo, lakini chumvi inabaki, karibu mara nne ya iliyo kwenye damu, na itamwasha kibofu. Baya kuliko hayo ni kwamba kila unapotenganisha mpira na mfuko ili utie kitu, unawafungulia bakteria wapya mlango. Mpira na mfuko viachwe vimeungana mpaka siku ya kubadilisha.

Sasa mambo ya kwenda nayo kwa daktari, kwa sababu hapa ndipo naona nafasi halisi ya kukatisha mzunguko wenu. Utando hauondoki vizuri kwa dawa, lakini huondoka ukiutoa pamoja na ukuta wake. Uliza: baba alipotibiwa mara zile nne, mpira ulibadilishwa? Kama umekaa zaidi ya wiki mbili na maambukizi yametokea, ushauri wa kitabibu ni kuweka mpira mpya, na sampuli ya mkojo ichukuliwe kupitia huo mpya. Mkojo uliopitia mpira wa zamani unakuonyesha wakazi wa utando, ambao huenda si waliosababisha homa, na dawa inaweza kuchaguliwa kwa kumlenga asiyehusika. Uliza pia mpira wake ni wa aina gani na ubadilishwe kila baada ya muda gani. Mipira ya muda mrefu kwa kawaida huenda kati ya wiki 4 na 12, na anayeziba haraka huhitaji mapema zaidi. Na uliza swali kubwa: je, lazima awe na mpira wa kudumu? Wapo wagonjwa wenye kibofu kisichosukuma wanaofundishwa, wao au ndugu zao, kupitisha mpira mwembamba mara kadhaa kwa siku na kuutoa. Si kila mzee ataweza, lakini swali liulizwe.

Lingine, usikubali antibayotiki kwa sababu tu mkojo una harufu au umekuwa na ukungu, au kipimo kimeonyesha bakteria huku baba yuko sawa. Nimeshasema karibu kila mwenye mpira wa mwezi anao. Kuwashambulia kwa dawa wakati baba hana dalili hakumsaidii, na hapo ndipo usugu wa kweli unapolelewa. Nyumbani mfuko ukae chini ya kibofu lakini usiguse sakafu, mpira ufungwe pajani usivutike wala kujikunja, mikono ioshwe kabla na baada ya kuvigusa, na anywe maji ya kutosha kama daktari hakumwekea kikomo.

Usisubiri miadi ukiona homa yenye kutetemeka, maumivu ya ubavuni au mgongoni usawa wa figo, kutapika, damu nyingi kwenye mkojo, au baba kuanza kuchanganyikiwa na kulala kusiko kwa kawaida. Kwa wazee hiyo ya mwisho huweza kutangulia homa. Mpira ukiacha kutoa mkojo na tumbo la chini likajaa, angalia kwanza kama umejikunja. Kama sivyo, mpeleke palepale. Usiuvute wewe, una puto ndani linaloushikilia.

Na ule unga wa mwani: kama ameshaanza kunywa, mwambie daktari bila aibu na umpelekee kopo lenyewe. Baadhi ya mwani una madini joto mengi kiasi cha kuvuruga tezi ya shingo, hasa kwa mtu wa umri wake, na daktari anapaswa kujua hilo kabla hajaagiza vipimo. Matone ya sifongo usimpe kabisa.